Ziwa Lisilo na Chumvi

Mbamba Bay
12 Juni 1993

Mama Furaha, mke wangu,

Salamu zikukute mzima, wewe na mbuzi wako, na goti lako kama bado linalalamika. Mimi ni mzima kupita kiasi. Mwanetu Furaha hajambo, anafundisha watoto wa wavuvi na amenenepa.

Nimefika siku ya tano. Kati ya Masasi na Tunduru basi lilikwama mara tatu. Wenzangu walisukuma kwa mikono, mimi kwa mdomo. Lakini tulipoteremka mlima wa mwisho nikaona maji, nilipiga kelele mpaka kondakta akadhani nimeibiwa. Maji, mke wangu Sikudhani! Yanaanzia miguuni pangu na mwisho siuoni. Na ni matamu! Unachota, unakunywa. Siku ya kwanza nilimkuta mama mmoja anasuuza sufuria, maji anayamwaga chini. Nikamfokea, "We mama, usimwage, hayo si kuna mtu kayabeba!" Akanitazama, akalitazama ziwa, akacheka mpaka akakaa. Sasa mji mzima wananiita Mzee Usimwage.

Huko kwetu natawadha kwa kikopo kimoja, na macho yako makali juu yangu. Hapa nimetawadha kwa ziwa zima. Nadhani hata Mungu ameuliza ni nani huyu amekuja msafi.

Sasa sikiliza, hili si mzaha. Jicho lako la kulia limeshafunga, na la kushoto daktari alisema lina ukungu. Njoo ulione ziwa hili kabla na hilo halijafunga. Mabasi hayakosi, siku hizi kila mwenye hela ananunua lake.

Mumeo,
Baba Furaha


Kitangari
4 Julai 1993

Baba Furaha,

Shikamoo. Goti bado linalalamika, mbuzi amezaa wawili, na mimi nipo. Nisamehe mistari imepanda mlima, ni jicho.

Uongo wako naujua tangu ulipokuja kuposa ukasema una ng'ombe. Maji mengi namna hiyo ni bahari. Niliiona Mikindani nikiwa msichana, nikaonja, nikatapika. Wamekuzungusha kwenye basi siku tano, wamekushusha baharini, nawe unafurahi.

Halafu nani abaki na mikorosho? Imeanza kutoa maua, kila alfajiri inataka kupulizwa dawa ya salfa, na salfa yenyewe siku hizi kila mtu anajinunulia. Shemeji yako Mrisho anapuliza kama anafukuza nzi. Jicho likifunga, lifunge. Nije kuona nini, chumvi?

Mkeo,
Mama Furaha


Mbamba Bay
19 Julai 1993

Mama Furaha mpenzi,

Marahaba, ingawa najua umeniamkia huku umenuna. Sisi wazima, tunakula dagaa mpaka tunawaota.

Ng'ombe nilikuwa naye, alikufa njiani. Tuyaache hayo. Jumapili wavuvi walinipakia mtumbwini, tukaenda hadi kwenye majabali yaliyosimama katikati ya maji. Ewe mke wangu, mumeo ameelea! Nilikaa mbele kama mkuu wa wilaya, naangalia kulia, naangalia kushoto, siogopi kitu.

Hunisadiki? Haya. Nimejaza dumu la lita ishirini, nikaweka muhuri wa mkaa juu ya kizibo, nitampa kondakta anayeitwa Silvano. Mpokee stendi ya Masasi tarehe 2 Agosti. Uonje. Ukikuta chumvi, nitarudi nikae kimya mwaka mzima. Ukikuta tamu, panda basi. Maua ya korosho utayaona mwaka huu na mwakani. Jicho sijui.

Mumeo,
Baba Furaha


Masasi, hapa hapa stendi
2 Agosti 1993

Baba Furaha,

Shikamoo, na afya yangu ni njema ila nina hasira. Zawadi yako imefika tupu.

Nikamuuliza Silvano, "Mwanangu, maji yangu yako wapi?"

"Mama, yamenywewa na gari."

Rejeta ilichemka porini, hapakuwa na hata kidimbwi, na abiria walianza kugombana. Nikamuuliza, "Uliyaonja kabla ya kutia?"

Akakasirika. "Mama! Nitie chumvi kwenye rejeta ya watu? Mimi nilionja vikombe viwili, dereva akaonja vitatu. Matamu!"

Basi nimeamini. Si wewe niliyekuamini, nimeliamini basi, maana limefika.

Nakuja. Lakini maua hayatajipuliza. Rudi wewe ubaki na mikorosho, mimi niende. Tupishane hapa Jumamosi ya tarehe 28. Barua hii nampa Silvano mwenyewe.

Mkeo,
Mama Furaha


Kitangari
20 Septemba 1993

Mke wangu,

Hujambo wewe? Hajambo Furaha? Mimi ni mzima wa shida. Ndevu zimekuwa njano kwa salfa, watoto wa jirani wananikimbia.

Wiki tatu sasa tangu tulipopishana pale Masasi, ukapanda basi bila kugeuka. Bomba la hapa linatoa upepo tu, kwa hiyo nimekwenda bondeni mwenyewe na ndoo. Wanawake walisimama kunitazama kama harusi. Binti mmoja akasema, "Babu, yashike, usimwage!" Kupanda kile kilima nilipumzika mara tisa. Nilifika na nusu ndoo, nusu nyingine ilikuwa kwenye shati. Miaka arobaini wewe ulikuwa unapumzika mara ngapi? Sikuwahi kuuliza.

Umeliona? Jicho lipo? Niandikie hata mstari mmoja, hata upande mlima. Nyumba iko kimya, na mimi sijazoea kukaa bila kutukanwa.

Mumeo,
Baba Furaha


Mbamba Bay
3 Oktoba 1993

Baba Furaha,

Shikamoo mume wangu. Furaha anakusalimu. Jicho lipo, ukungu upo, na mimi nina raha.

Nimechelewa kuandika kwa sababu asubuhi naenda kuangalia na jioni naenda kuangalia. Wavuvi wamenipeleka kwenye yale majabali. Wamenisimulia, siku yako ulifumba macho tangu ufukweni hadi ufukweni, umeshikilia mguu wa mtu. Mtu mwenye macho mawili!

Mimi nililala kifudifudi mtumbwini, pua karibu iguse maji. Kule chini kuna visamaki vya bluu, bluu ambayo hata kwenye khanga sijaiona, na kila kimoja kina mistari myeusi ubavuni. Nimeihesabu. Ni sita. Furaha alisema ni mitano, akaja na darubini ya shule, ikawa sita.

Jana niliingia mwenyewe, maji yakanifika shingoni. Hakuna aliyeniambia niyabebe.

Korosho zikianza kuanguka, waite Mrisho na mkewe mziokote. Usiniandikie kuniharakisha. Huku naangalia mpaka Furaha ananivuta mkono twende tukale.

Bado sijashiba.

Mkeo,
Mama Furaha