Kumbe Ni Figo

Kijiji cha Makere,
Kasulu.
9 Agosti, 1975.

Mpendwa binamu Dionis,

Mwidehe! Nakupigia makofi ya salamu kutoka huku nyumbani, ingawa huko kwenye mkonge wa Kimamba hutayasikia. Hujambo? Uvimbe wa miguu umepungua? Usinijibu kwa adabu, nataka jibu la kweli. Sisi tu wazima, maharage yamekubali, na mama yangu, shangazi yako, bado anagombana na kuku kama watu.

Barua yako ilifika. Ulimwandikia mkeo Odilia ukijua fika kwamba msomaji wake ni mimi. Aliketi mbele yangu, mikono magotini, nami nikaanza vizuri. Nilipofika pale uliposema ugonjwa wa figo umekuondolea nguvu za kiume tangu mwaka jana, na kwamba arudi kwao Munanila akaolewe na mwanamume mzima, nilijikohoza. Nikaruka mistari. Nikamwambia tu, "Anaumwa kidogo. Anasema urudi kwenu."

Nisamehe, ndugu yangu. Mimi mtani wako, niliyekutania hata siku ya harusi yako, niliona haya. Odilia hakulia. Alisema, "Basi kapata mwanamke huko," akaenda kufunga mizigo.

Kesho yake nikamwendea Makarius, mganga wa zahanati yetu, nikamweleza bila kukutaja jina. Alisema wanaume wengi wenye figo zilizochoka hupatwa na hayo: damu hupungua, uchafu hubaki mwilini, na hofu nayo huongeza. Hukurogwa, wala si kosa lako. Hakuniahidi kwamba yote yatarudi. Ila alisema umweleze daktari wako jambo hili waziwazi kama unavyomweleza habari za miguu. Na ile mizizi ya kuongeza nguvu uliyoandika kwamba unakunywa, uiache leo, maana inaweza kuzimaliza figo kabisa. Dionis, nakusihi, imwage.

Nilitoka pale mbio hadi kwa Odilia. Mkeka alikwisha kuukunja. Nikamsomea barua yote, neno kwa neno, macho yangu kwenye karatasi.

Alicheka na kulia kwa pamoja. "Kumbe ni figo! Na mimi tangu jana namtukana mwanamke asiyekuwapo!" Kisha akakukasirikia wewe, tena sana. Akasema, "Mwandikie hivi: niliolewa na Dionis, sikuolewa na usiku wake. Nani kamwambia anipangie mume?"

Nami naongeza langu: ukificha uchi hutazaa. Cheka kidogo, binamu, ndiyo kazi yangu kukutania. Ninakupenda, na niliogopa sana.

Nyumba aliyoijenga Odilia peke yake tulipohamishiwa hapa kijijini imekwisha kuezekwa. Mlango tu ndio haujatiwa. Anasema huo utautia wewe.

Shangazi yako anakusalimu, na amenituma nikuambie upunguze chumvi, jambo alilolisikia kwa Makarius na sasa analitangaza kama lake. Mungu akulinde, akupe pumzi na moyo wa kukubali kupendwa.

Tarehe ishirini na nane uwe stesheni ya hapo Kimamba. Ile mizigo Odilia hakuifungua. Amebadilisha njia tu.

Ni mimi, binamu yako nikupendaye kwa dhati,
Melkiadi