Mama, Mti Wako Hauna Jani

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mwanao Petro anakusalimu, kifua kimempungua. Devota anakusalimu, Deo anakusalimu, na yule mdogo uliyempa jina, Koku, naye anakusalimu, sasa anatembea. Hata ng'ombe wako amezaa. Mimi tu ndiye sina amani, Mama, kwa ajili ya omurinzi wako, ule mti wa dawa pale pembeni mwa kibanja cha migomba, ambao wazee waliombea chini yake.

Siku tuliyokuzika watu walijaa, hata wa Songambele walikuja, wote uliowaponya. Walipomaliza kulia wakaogopa dawa isije ikazikwa na wewe. Basi kila mmoja akabandua ganda la mti wako la kwenda nalo kwake. Ningewafukuzaje watu waliokuja kukulilia? Asubuhi nikaukuta mti umebaki mweupe, karibu kuuzunguka wote.

Wewe ulikuwa unachukua kipande cha kiganja tu, upande linakotokea jua, unauachia punje za kahawa shinani. Kisha unaupaka samadi mbichi pale ulipokata, unafunga na jani la mgomba, unasema, "Na huyu ni mgonjwa wangu." Watu wanakusubiri uani na wewe unahudumia mti kwanza! Nilikuwa nacheka. Lakini Deo alipovimba mashavu, matubwitubwi, hata mate hamezi, sikutaka mkono mwingine. Ulimkanda kwa maji ya lile ganda, taratibu, huku unamwimbia, mpaka akaomba ndizi. Jamani, mikono yako, Mama.

Basi nami nimeupaka samadi. Nimeufunga majani kama ulivyokuwa unafunga. Sasa umepukutika wote, umebaki matawi. Najua kila kiangazi hupukutika kabla ya maua. Nilipoolewa hapa nililia nilipouona mtupu, ukanicheka, "We mwali, unalilia mti unaobadilisha nguo?" Mwaka huu sijui unabadilisha au unakufa. Na wa kunicheka hayupo.

Nakuahidi, kisu hakiugusi mpaka kidonda kifunge. Anayekuja kuomba dawa namwambia, subiri, yuko mgonjwa mbele yako.

Pumzika, Mama. Ila unijibu upesi, moyo wangu unaujua. Ua moja tu jekundu, hata likiwa tawi la juu kabisa, nitaliona.

Ni mimi mkweo,
Mama Devota, Kiruruma