Samaki Wako Wamefika Ndanai

Kiwandani, Kericho

Mama Akinyi, mke wangu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. U hali gani, na goti lako je? Na yule ng'ombe mwenye pembe moja bado anakupiga teke ukimkamua, au siku hizi mmeelewana? Mimi ni mzima, ingawa juzi sikuwa mzima, na hayo nitayafikia. Kwanza nimsalimu katekista anayekusomea. Katekista, hujambo. Unajua mimi kuandika nilifundishwa jeshini, kule jikoni, tena kwa Kiswahili peke yake, basi kazi ya kumgeuzia mke wangu maneno ni yako. Lakini geuza yote. Barua iliyopita nilimwandikia jambo kuhusu kiuno chake, naye akanijibu kuhusu mahindi. Nikajua umeruka.

Mama Akinyi, nimetoka Ndanai. Nimemwona mtoto wetu, na mjukuu nimempakata.

Unakumbuka nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho, ukanipa lile furushi la samaki wakavu nimpelekee. Ukasema, "Nenda umwone. Usiniletee maneno ya kwenye kiti cha wageni. Angalia jikoni anavyoishi, na kama hao watu wanamtesa, rudi naye na mtoto wake. Kitanda nimeshamtandikia." Nikakuambia baba mtu haingii jikoni kwa binti yake aliyeolewa, wala halali huko, hiyo ni aibu ya kurithisha wajukuu. Ukaniambia, "Hiyo ni shida yako." Haya, sikia shida yangu nilivyoimaliza.

Nilikwenda na marafiki wawili. Mmoja ni Odera, yule wa Alego ninayechochea naye moto wa kukaushia chai. Wa pili ni Njoroge, Mkikuyu mnene anayeuza viazi hapa sokoni, mwenye lori la kijani ambalo mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Siku hizi serikali imempa kibali cha kusafiri, maana Wakikuyu walizuiwa kutembea, na tangu akipate hataki kukaa chini, hata chooni angekwenda kwa lori kama njia ingetosha. Alikuwa amepakia viazi kutoka Kedowa vya kuuza Chepilat. Akasema, "Mzee, kutoka Chepilat mpaka Ndanai ni kama kugeuza shingo. Panda." Nikapanda na furaha yangu kama bwana harusi.

Barabara ni ya murram, ule udongo mwekundu wa kokoto, inapinda kushoto, inapinda kulia, chai huku na chai huku, kijani mpaka macho yanachoka. Njoroge anaimba nyimbo za kanisani na kuachia usukani ili apige makofi. Odera yuko katikati, furushi lako mapajani. Hatujafika mbali nikamwona midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

"Samaki," akasema.

Mtu wa ziwa huyo, amezaliwa kwenye magamba, leo anatapishwa na samaki. Njoroge akasimamisha lori kando ya shamba. Wachumaji wakaacha kazi, vikapu mgongoni, wakamtazama Odera ameinama anamwaga uji wote wa asubuhi. Mama mmoja akauliza, "Huyu mimba yake ni ya miezi mingapi?" Njoroge alicheka mpaka akashikilia taa ya lori. Akajipiga kitambi. "Nyinyi watu wa kiwanda ni laini sana. Mimi tumbo yangu ni debe. Weka chochote, itakaa."

Mungu alikuwa anasikia. Na mimi pia.

Chepilat viazi vilikwisha upesi, na Njoroge akala ndizi mbivu kwa kusherehekea, Odera naye akala chache kujaza pale palipobaki wazi. Tukaingia Ndanai jua likiwa bado juu. Kiprono, mkwe wako, alitupokea vizuri. Ana nyumba ya mabati na viti vyenye vitambaa vya kufuma. Tukakalishwa pale tumenyooka kama watu wanaongojea picha.

Sasa hapa nisikufiche. Akinyi alikuja na kibuyu na vikombe. Kichwa chini. Akasalimu kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akaweka vikombe, akalichukua furushi lako, akatoka. Huyu ni Akinyi wetu aliyekuwa akimkemea chifu. Na mkono ulioweka kikombe ulikuwa mwembamba, mama, mwembamba kama mwiko. Nikakiona kitanda chako mbele ya macho yangu, na blanketi juu yake.

Kibuyu kilikuwa cha mursik, maziwa yao yaliyoganda ambayo kibuyu chake wanakisugua makaa ndani. Mama yake Kiprono, mzee mwenye masikio yaliyotobolewa makubwa, alimimina mwenyewe. Mimi nimekaa na hawa watu miaka, najua ukimaliza kikombe wanaona bado una njaa, wanakujazia. Ukishiba unaacha kidogo chini. Njoroge hajui. Kwa Wakikuyu kuacha kitu ulichopewa na mzee ni dharau. Basi akinywa, mama anajaza, na akijaza, Njoroge anaona haya kuacha. Odera anamfuata ili asionekane laini tena. Ningeweza kuwaambia. Lakini lile debe lilikuwa bado linanilia masikioni, nikaona wacha tuone linajaa wapi.

Lilijaa jua lilipoanza kushuka. Tulikuwa tumeshasimama kuaga, nimebeba huzuni yangu ya mkono mwembamba, tumbo la Njoroge likanguruma kama lori lake likipanda mlima. Akaniangalia. Akaangalia mlango. Kisha akakimbia, mtu mnene vile, na Odera nyuma yake. Na choo pale ni kimoja, Mama Akinyi. Mengine katekista akusomee kimyakimya.

Dereva amelala, lori litakwenda na nani? Mama yake Kiprono akasema wagonjwa walazwe jikoni kwake, karibu na moto, ndivyo wanavyofanya. Wakabebwa. Njoroge na Odera, watu ambao hawana haja yoyote na jikoni ile, wakalazwa ndani kabisa, na mimi niliyetumwa na mke wangu kuiangalia nikabaki kwenye kiti chenye kitambaa na mkwe wangu, tunaoneana haya. Tuliongea mvua mpaka mvua yenyewe ikaja na ikaisha. Kisha Kiprono akanipeleka kulala kwa jirani yake mzee wa kanisa, maana hata yeye anajua baba mkwe halali pale.

Asubuhi nikarudi mbio. Njoroge yuko juu ya lori anafuta kioo, mzima. Nikamvuta kando.

"Jikoni umeona nini?"

"Paa."

"Na Akinyi? Wanamsemeshaje?"

"Mzee, mimi nilikuwa nakufa. Mtu anakufa atakuwa anaangalia watu?"

Nikamgeukia Odera. "Mimi niliona moto," akasema. "Ulikuwa mzuri."

Marafiki wa namna hii, afadhali ningekwenda na mbuzi wawili. Njoroge akapiga honi. Akinyi amesimama mlangoni na mtoto, ananitazama tu. Nikawaza nitakachokujibu ukiniuliza. Basi nikakaa kwenye majani, nikajishika, nikaguna.

"Wewe hukumaliza hata kikombe," Njoroge akasema.

"Ndiyo maana ugonjwa umechelewa kunifikia," nikamwambia, nikalala chini.

Wakanibeba. Na mgonjwa si baba mkwe wa mtu, mgonjwa ni mgonjwa. Wakanilaza kwenye ngozi ya ng'ombe kando ya moto, nikafunga macho, nikakoroma. Wao wakadhani nimelala, na hawakujua kwamba lugha yao ninaisikia, miaka yote hii ninachochea moto na vijana wao.

Kwanza nikasikia yule mama mzee anatoka nje. Nikafungua jicho moja. Akarudi na chungu kidogo kilichokuwa kimefichwa chini ya ghala, akafungua furushi lako, akamtoa samaki kwa ganda la hindi ili asimguse, uso ameugeuzia ukutani.

"Hii kitu ilikufa lini?" akauliza.

Na sasa nikamsikia Akinyi wetu, ile sauti yenyewe. "Kabla wewe hujaolewa, mama. Igeuze, inaungua."

"Kaa chini, nyonyesha mtoto. Usinifundishe moto wangu."

"Hujaweka chumvi."

"Nimeweka. Na huyo mama yako anakuchukia? Anakutumia kitu inanuka hivi?"

"Ananipenda."

"Kwetu mtu akikupenda anakutumia siagi." Akaupuliza moto, uso bado ukutani, pua ameibana kwa mkono mmoja na kwa mwingine anageuza samaki wako. Akamimina mchuzi, akampa. "Kunywa yote. Mkono wako bado ni wa kuku. Ile homa ikirudi nitakupiga."

Ndiyo hivyo. Baadaye Akinyi alinieleza: baada ya kujifungua alishikwa na homa, akakonda, na hawakutuandikia ili wasikutie hofu. Alikataa kila chakula akalilia samaki. Watu wa nyumba ile samaki hawali, hata kumwona hawataki. Huyu mama mzee akatembea mpaka sokoni akamtafuta, akanunua chungu cha samaki peke yake, na kumpika akampika mwenyewe.

Nilikuwa nimesahau kukoroma. Akinyi, amenipa mgongo, akasema kwa lugha yetu, polepole, "Baba, hujawahi kukoroma hivyo maisha yako yote. Mama amekutuma?"

"Tumbo," nikasema.

"Umeshika kiuno."

Nikahamisha mkono. Nikamuuliza, "Jana mbona hukunisemesha?"

"Nilikuwa na wageni. Unataka wajue nimelelewa na wewe?"

Nikamwambia ulivyosema, kwamba kitanda kimetandikwa, na kama anataka kurudi, lori liko nje na mimi nimetumwa. Alimwangalia yule mama mzee, anakohoa moshi, anasugua mikono yake kwa majivu kutoa harufu.

"Na huyu nimwachie nani?" akasema.

Mama Akinyi, hilo ndilo jibu lako. Sikulipata kwenye kiti.

Kisha yule mama akaona nimefungua macho. Akaleta kibuyu cha magome yaliyochemshwa, meusi. Kiswahili chake ni cha hapa na pale, dawa anaiita tawa. "Papa Akinyi, kunywa tawa." Nikamwangalia binti yangu aniokoe. Binti yangu akasema, "Mpe kikombe kikubwa, mama. Ameumwa sana." Nikanywa, mjukuu nimempakata, na sikuthubutu kuacha kidogo chini.

Basi kurudi Kericho tulirudi hivi: Njoroge anaimba, Odera amepona na anakula ndizi, na mimi ninagonga paa la lori kila baada ya kona mbili ili lisimame, ile dawa inataka kutoka. Karibu na kiwanda tukawakuta wale wachumaji. Yule mama akaweka mkono kiunoni. "Kumbe mimba ilikuwa ya huyu mzee," akasema. Siku hizi ndilo jina langu kiwandani, na bwana meneja ameuliza maana yake, hakuna aliyemwambia.

Nisalimie dada yangu mkubwa aliyesema hawa watu watamlisha mtoto wetu maziwa mpaka asahau jina lake. Mwambie jina analo na mdomo pia. Nisalimie shemeji fundi baiskeli, mwambie anirudishie pampu yangu. Nisalimie mama yako, ingawa hatapokea. Katekista, nakusalimu mara ya pili, na lile neno la kiuno umwambie leo.

Na kitanda, Mama Akinyi, usikitandue. Nilipokuwa ninapanda lori yule mama mzee alinishika mkono, akasema mahindi yakiisha kuvunwa atakuja huko na Akinyi na mtoto, Njoroge atawaleta. Anataka kumwona kwa macho yake mtu anayemtumia mtoto kitu kama kile. Alale hapo. Mchinjie kuku. Na siku hiyo, tafadhali, siagi iwe mezani na samaki wakae mbali, chini ya ghala.

Ni mimi mumeo mwenye mimba,
Baba Akinyi