Kwato Kwenye Mlima Uliouchora

Magesa, mwana wa dada yangu,

Tangu homa ikuondoe, hapa Butiama hakuna aliyetulia, na mimi kuliko wote. Nimekanyaga Bunda, nimekanyaga Musoma, nikiuliza watu picha uliyoichora ya mlima inasema nini; iko kwapani daima, maana mama yako anataka kuichoma. Anasema yule mtu mdogo anayepanda njia, ametupa mgongo, ni wewe. "Alijua anaondoka. Hakunigeukia hata kidogo." Halafu anasukuma sahani. Na hiyo picha ndiyo kitu pekee cha mkono wako tulichobaki nacho, mpwa. Ikiungua, tumekuzika mara ya pili.

Katekista wa Nyegina akasema mlima ni mbinguni, ile nyeupe ya kileleni ni utakatifu. Rafiki yangu fundi cherehani wa Iringo akasema nyeupe ni sanda, kisha akaomba nimwachie aitundike dukani! Nikawaambia wote: mlima huu naujua, nimebeba mizigo ya vita mpaka kwenye bega lake. Hiyo nyeupe ni baridi tupu, niliichota nikaila, meno yakalia wiki nzima. Mimi darasa la pili tu, lakini hakuna mlima wa kunidanganya.

Mama yako akanitazama. "Kaka, umemaliza? Basi niambie anaenda wapi."

Nikaitoa picha nje.

Nikailaza juani, tukaiinamia. Ndipo tukaviona, na niliyeanza kuviona ni mimi, asikudanganye mtu, vile vidoa vya njiani. Kwato! Ncha zote zinaelekea chini. Ng'ombe wameshateremka, Magesa. Sasa mchungaji gani anapanda mlima wakati kundi lake linarudi nyumbani? Mama yako akaweka kidole pale. "Kuna mmoja amebaki. Amerudi kumfuata." Ulikuwaga hivyo, ndama akiwa nje hulali. Akacheka, akalia, akaomba uji.

Picha haichomwi. Lakini sasa kila jioni anasimama mlangoni pa zizi, anaitazama njia. Nami nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, nakaa, nainuka, naangalia njia hiyohiyo.

Pumzika, mpwa wangu. Nakuahidi hili moja, na si la kujisifu: zizi nitalifunga mimi kila siku, ila mti wa mwisho wa lango siuweki mpaka mama yako mwenyewe aseme, "Funga."

Mjomba wako