Eti Majirani Si Jamii

Chayo, upo? Nina hasira mpaka basi.

Mdogo wangu Yareli katoka sasa hivi kwenye usaili wa ufadhili wa chuo. Miaka mitatu anawatafsiria kliniki wazee wetu wanaojua Kimixteko tu, lugha yetu ya asili, bure, kila wiki. Si unajua mwenyewe?

Bwana mmoja wa jopo kamuuliza, "Shirika gani lilikusimamia?"

Yareli kasema, "Hakuna. Wazee hunigongea mlango."

Yule bwana kacheka, Chayo! "Binti, huko ni kusaidia majirani. Sisi tunataka huduma kwa jamii."

Majirani si jamii? MAJIRANI SI JAMII??

Yareli hakunyamaza. "Bi Eufrasia alikuwa akinywa dawa za mumewe mpaka nilipomsomea chupa. Ningemwambia asubiri shirika?"

Bwana yule eti, "Bila barua yenye muhuri hatuwezi."

Yareli akalia garini mwangu kwa kwikwi. Nikamwambia, "Twende nyumbani, mdogo wangu."

"Nyumbani wapi? Mzee Fidencio ana miadi ya daktari saa tisa."

Sasa yuko ndani ya kliniki anatafsiri. Kaniachia fomu ya ufadhili mwingine nimkagulie tahajia, na mimi herufi sizioni kwa machozi.