Kwa Rukaiya Wetu, Mtafiti wa Matumbo ya Mtoni

Mwaka umetimia leo, mwanangu Rukaiya, tangu homa ya siku nne ikuondoe kwetu. Ndugu zako wamesema niandike mimi mama yako, maana baba yako akishika kalamu analia.

Ulisomea bakteria wanaoishi ndani ya utumbo wa binadamu. Tulikucheka sana. Mtu amesoma miaka yote ile, kisha anapita nyumba kwa nyumba na vikopo, anaomba watu vinyesi vyao! Ulicheka nasi, ukaeleza tena kwamba bakteria si wabaya wote, wengi wanatusaidia kusaga chakula na kujikinga na maradhi.

Majirani waliogopa. Kinyesi cha mtu kikimfikia mwenye husuda, si atarogwa? Hukuwadharau. Ulikaa mkekani, ukala mihogo yao, ukaulizia watoto wao kwa majina. Sesilia wa nyumba ya pili, aliyekufukuza kwa ufagio, mwishoni alikuletea kikopo mwenyewe, kimefunikwa kitambaa kama bakuli la futari.

Nyumbani kwenu ndiko ulikokwama. Ulitaka kulinganisha babu, bibi, mzazi na mjukuu wa familia moja. Mimi nilitoa, wewe na binti yako Najma mkatoa. Baba yako akagoma.

"Mie nimpe binti yangu kinyesi? Haya iko wapi?"

Ulimbembeleza miezi mitatu. Mara ya mwisho alikufokea, ukaondoka bila hata kunywa chai. Wiki ile ile ukaugua. Hilo limemkaa moyoni mwaka mzima, na mimi nimeumia kumwona.

Mwezi uliopita alitoka asubuhi bila kuaga. Baadaye mwenzako wa maabara, Vaileth, akatupigia simu. Alisema mzee mmoja amefika mapokezi na kanzu yake ya Ijumaa, kikopo mkononi, mbele ya watu wote.

"Mie baba yake Rukaiya," alimwambia Vaileth. "Naomba mnipokelee. Nimechelewa."

Unakumbukwa na mumeo Talha, binti yako Najma, kaka zako Mbwana na Farhan, wenzako wa maabara, majirani wa Mtoni, baba yako Mwishehe na mimi mama yako Mwajabu. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Baba yako anaomba umsamehe. Nimemwambia hukuwa mtu wa kulala na kinyongo. Hatutakusahau, mwanangu, maisha yetu yote.