Ma Koku Anasifu Kila Kitu

Nshambya, Jumanne

Bado namsikia. Kompyuta nimeizima tangu saa kumi, na bado namsikia.

Timu yangu ya wabunifu haiendi tena vijijini kuwaonyesha wakulima kurasa za programu yetu ya kahawa. Tumeipa akili unde mahojiano yote ya zamani, sasa inajibu kama mkulima. Wazo lilikuwa langu. Nililipigania mwenyewe.

Leo Anitha, mbunifu wangu, kaionyesha ukurasa mpya wa kuuzia kahawa. Ikajibu, ikianza na asante ya Kihaya: "Kasinge, mwanangu. Imependeza sana, mmefanya kazi." Anitha akafurahi. Mimi nikainamia skrini. Hayo ni maneno ya Ma Koku wa Maruku, mmoja wa wakulima niliowahoji, na Ma Koku tulimzika kabla ya Pasaka.

Lakini si hilo tu. Ma Koku hakuwahi kumkosoa mgeni aliyeketi ndani kwake. Alinipa kahawa ya kutafuna, akasifu kila nilichomwonyesha. Ukweli aliusema akinisindikiza, pale kwenye mgomba wa mwisho, kinasa sauti kimeshazimwa na kimo mkobani: "Mwanangu, ile sijaielewa hata kidogo. Nikibonyeza, kahawa yangu inakwenda wapi?"

Nilicheka tu. Sikuandika popote.

Anitha akauliza kama tuupitishe ukurasa. Nikasema tuupitishe. Kwa nini nilisema...

Atatusifu hivyo hivyo kila tutakapomuuliza, marehemu wa watu, na hakuna siku atakayoinuka kunisindikiza.